Tawi la Mjini

Tove Hedegaard aliliona lile tawi kabla hajamwona baba yake. Lilikuwa dirishani, ndani ya gilasi ya maji, na majani yake yote yalikuwa yameshakunjuka: mabichi, laini, yenye vinyweleo vyeupe ukingoni. Ilikuwa tarehe kumi na sita Aprili. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka msituni nusu saa iliyopita, matope yangali kwenye viatu, na huko msituni miti ya bøg, ile mirefu ya mashina ya kijivu inayopukutisha majani kila baridi, ilikuwa bado imefunga matumba yake kama ngumi.

"Merete kaja," alisema baba yake akiwa kitini, mdomo ukitafuna. "Kaja na treni ya saa mbili, kaondoka na ya saa nne. Kazi zimembana."

"Nimeona," alisema Tove, akaweka kitandani nguo za kulalia alizomfulia.

"Onja."

"Sina hamu, Baba."

Mzee Aksel alichuma jani jingine, akalitia mdomoni, akafumba macho. Alikuwa na miaka tisini na mmoja. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa msimamizi wa msitu wa Nørrelunde, na kila mwaka tangu aanze kazi alilitafuna jani la kwanza la bøg ili ausikie ule uchachu wake mdogo unaopita ulimini na kutoweka. Siku hiyo ndiyo aliyoihesabu kuwa mwanzo wa majira ya kuchipua. Kalenda ingesema lake, maua meupe ya chini ya miti yangesema lake. Kwa Aksel hakuna kilichoanza mpaka jani liwe mdomoni.

Yrsa, mhudumu wa nyumba ya wazee, alipita na kikapu cha dawa, akachungulia. "Dada Tove, umeliona? Mdogo wako ana bahati jamani! Mwaka wa tatu huu mfululizo. Tumelipiga picha, liko ubaoni pale mlangoni."

"Hongera zake," alisema Tove, akaanza kukunja upya nguo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa.

Ili mtu aelewe uchungu wake, inabidi alijue daftari. Lilikuwa daftari la hesabu lenye jalada la kijivu, na ndani yake Aksel aliandika kila mwaka tarehe ambayo tawi zima lilikunjuka msituni, na pembeni ya tarehe jina la aliyeliona kwanza. Mabinti zake walipokuwa wadogo walikuwa wakiamka mapema na kukimbilia kule mteremko wa kusini, mmoja akimvuta mwenzake koti. Aliyeleta tawi alibebwa mabegani hadi nyumbani, na jina lake likaandikwa kwa wino. Jina la Merete lilikuwamo mara mbili. La Tove lilikuwamo mara thelathini na nane, maana Merete alipomaliza shule alihamia København, mji mkuu, akawa fundi wa meno ya bandia, na Tove akabaki. Alibaki katika nyumba ileile ukingoni mwa msitu. Alimuuguza mama yao hadi mwisho. Baba alipohamia nyumba ya wazee, ni Tove aliyekuwa akija kila siku ya Mungu, kwa baiskeli, na nguo safi na mkate mweusi aliouoka mwenyewe, kwa kuwa ule wa pale mzee alidai una ladha ya boksi.

Na sasa mwenzake alikuwa akija mara moja kwa mwaka na kitawi, anapigwa picha.

Jioni ile Tove alimpigia simu. Hakusalimia.

"Merete, niambie ukweli. Unayalea ndani?"

"Ninalea nini?"

"Matawi. Unayakata Machi unayaweka karibu na jiko. Watu wanafanya hivyo, nawajua."

Upande wa pili Merete akacheka, na kile kicheko ndicho kilichomchoma Tove zaidi. "Dada, una miaka sitini na mitatu. Panda treni uje uone. Uje Jumamosi, nitakupikia samaki."

"Nakuja kweli."

"Njoo. Njoo na kioo cha kukuzia, upekue vizuri."

Akaenda. Alivaa koti lake zito la sufu, kwa maana Nørrelunde asubuhi ile kulikuwa na jalidi kwenye nyasi, na aliposhuka København akajikuta analivua barabarani, jasho likimtoka kwapani. Watu walikuwa wameketi nje wakinywa kahawa, mikono wazi. Mlangoni kwa Merete hakutaka hata kukaribishwa ndani. "Mti uko wapi?"

Merete alimpeleka uani. Ulikuwa ua mdogo uliozungukwa na kuta nne za matofali mekundu, ghorofa tano kila upande, na sakafu yote lami isipokuwa duara moja la udongo katikati. Humo ndimo ulimosimama mti wa bøg, mkubwa, gome lake jeusi kwa moshi wa miaka. Chini ya jengo palikuwa na tanuri la mikate, na bomba lake lilipumua hewa ya moto uani usiku na mchana. Ukutani palikuwa na taa ambayo Merete alisema haizimwi kamwe. Na mti ulikuwa kijani. Haukuwa tawi moja wala upande mmoja. Ulikuwa umefunika ua mzima kama mwavuli.

Tove aliinama akagusa lami. Ilikuwa vuguvugu, saa nne asubuhi.

"Hizi kuta zinakaa na joto," alisema Merete. "Jua likizama, zenyewe zinaendelea. Miaka ya themanini nilipohamia, ulikuwa ukichipua labda siku tano kabla ya msitu wenu. Sasa siku kumi, kumi na mbili. Na msitu wenu wenyewe haujatulia, Dada, unajua hilo. Tulipokuwa watoto ilikuwa Mei."

"Usinifundishe msitu wangu."

"Basi. Nilidhani umekuja kunikamata na ndoo jikoni, nikaona nikueleze."

Tove alichuma jani akalitafuna. Uchachu ulikuwepo, uleule. Alilimeza kama dawa.

Walikula samaki. Mazungumzo yalikuwa ya watu wawili wanaosukumiana chumvi kwa adabu. Ndipo Merete, akimwaga kahawa, akasema bila kufikiri, "Baba naye hana subira siku hizi. Tangu Februari ananipigia kila Jumapili: matumba yamevimba? yamebadilika rangi? Nashuka uani na simu mkononi ninamsomea kama habari za redio."

"Anakupigia?"

"Kila Jumapili."

Tove aliweka kikombe. Jumapili alikuwa akienda kwa baba yake saa saba, baada ya chakula. Kwa hiyo mzee alikuwa anapiga asubuhi, kabla yeye hajafika. Na yeye, mwanamke aliyemkata kucha, aliyejua soksi ipi inambana na ipi haimbani, hakuwahi kuambiwa neno. Aliwaza: angenificha ugonjwa ningemsamehe. Hakubaki hata kula tufaha ambalo Merete alikuwa amelioka. Ndani ya treni, mashamba ya kisiwa cha Fyn yalipita dirishani yakiwa bado na rangi ya kahawia, naye akayachukia kwa uzembe wao.

Wivu ule haukupungua kwa kupita kiangazi wala majira ya baridi. Ulikaa naye kama jino bovu ambalo ulimi haukomi kuligusa. Kila Jumapili alijikuta anatazama saa ya jikoni: sasa anampigia. Sasa wanacheka. Jumapili moja ya Februari, mvua ikinyesha mahali pa theluji, alifika nyumba ya wazee saa tatu badala ya saa saba, akasimama kwenye korido, akamsikia baba yake ndani akisema kwa sauti changamfu ambayo hakuwa ameisikia tangu mama yao afe: "Yameanza kung'aa? Eh, safi! Angalia na upande wa bomba!"

Aligeuka akaondoka. Yrsa alimwita, hakugeuka.

Mwezi Machi, siku ya tano, alikwenda mteremko wa kusini na mkasi wa bustani, akakata matawi sita. Aliyatia ndoo ya maji ya uvuguvugu, akaiweka katika chumba cha kufulia, kando ya mtambo wa kuchemshia maji, akawasha taa ya meza juu yake. Alibadilisha maji kila asubuhi na kila jioni. Mlango aliufunga kwa ufunguo ingawa nyumba nzima alikuwa akikaa peke yake. Matumba yalivimba, yakarefuka, yakapasuka, na tarehe nne Aprili tawi moja likakunjuka lote.

Kesho yake alilipeleka. Alilishika juu ya usukani wa baiskeli, wazi, ili kila mtu alione.

Yrsa alipiga kelele za furaha korido nzima. "Tarehe tano! Jamani, dada Tove kampiku mdogo wake!" Wazee wawili walipiga makofi. Picha ikapigwa, ile ya Merete ikabanduliwa ubaoni, hii ikabandikwa. Tove alisimama mbele ya simu ya Yrsa na tawi kifuani, akatabasamu kwa meno yote.

Mzee Aksel alilipokea tawi kwa mikono miwili. Macho yake hayakuwa tena ya kuaminika, lakini vidole vilikuwa vyake. Alilipapasa jani kutoka kikonyoni hadi ncha, akalipindua, akalipapasa tena. Kisha akalitafuna. Alitafuna polepole sana.

"Laini," akasema.

"Limetoka jana, Baba."

"Wapi?"

"Mteremko wa kusini. Karibu na reli."

"Karibu na reli," alirudia mzee. Akanyoosha mkono kwenye droo, akatoa daftari, akalifungua kwenye ukurasa wa mwisho. Kila mwaka alikuwa akiandika mwenyewe, hata sasa ambapo herufi zake zilipanda na kushuka kama njia ya konokono. Safari hii alimpa binti yake kalamu. "Andika wewe."

"Wewe ndiye unayeandikaga."

"Mkono umechoka. Andika tu tarehe na jina lako."

Tove aliandika. Wino ulikubali. Alipomaliza, baba yake aligeukia dirishani, na lile tawi hakuomba liwekwe kwenye maji.

Siku sita baadaye Merete akaja. Tove alijua atakuja, akajitengenezea sababu ya kuwa pale: kucha. Alikuwa amepiga magoti, mguu wa baba mapajani, Merete alipoingia na tawi lake limefungwa kwenye gazeti lenye unyevu. Alikuwa ameshapita kwenye ubao wa mlangoni.

"Dada!" alisema, akaangusha mkoba, akamwinua Tove na kumkumbatia na mkasi wa kucha mkononi. "Umenishinda! Tarehe tano, wewe! Sijaamini. Nimecheka peke yangu pale mlangoni kama mwehu."

Alikuwa amefurahi kweli. Tove alimtafuta uso mzima aone wivu japo chembe, hakuuona, na hilo lilimuudhi kuliko lingine lote. Amefanya yote yale, na mwenzake hata haumii.

"Lakini nionyeshe mti," akasema Merete. "Treni yangu ni ya jioni leo, nimeomba ruhusa. Mti gani huo unaoshinda wa kwangu wenye tanuri la mikate? Twende."

"Kuna matope."

"Nina viatu."

"Nendeni," alisema mzee, akitafuna jani la mjini, macho amefumba. "Nendeni wote wawili."

Walikwenda kwa miguu, kilomita mbili. Tove alitembea mbele. Chini ya miti maua meupe yalikuwa yametanda, na juu yake mashina ya kijivu yalisimama bila jani hata moja, kutoka mteremko wa kusini hadi relini na ng'ambo ya reli. Merete alitazama huku na huku, uso umeinuliwa. Kisha akamgeukia dada yake.

Tove alipiga hatua kuelekea nyumbani, Merete akamfuata, wakapita jikoni, akafungua kwa ufunguo mlango wa chumba cha kufulia. Ndoo ilikuwa palepale. Matawi matano yaliyobaki yalikuwa yamechipua majani ya rangi ya njano ya kuumwa, yameegemea taa.

Merete alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mashine ya kufulia, machozi yakamtoka. Halafu kicheko kikakatika ghafla.

"Ulikuja kwangu," alisema. "Ulikuja kunipekua. Ulipapasa lami yangu kama askari. Na mimi nikakupikia samaki!"

"Nimekosa."

"Kwa nini, Tove? Kwa kitawi?"

"Kwa sababu anakupigia wewe!" Sauti ilimtoka kubwa, ikagonga vigae. "Mimi namfulia, namkata kucha, namsikiliza akilalamikia mkate, na siku akiwa na jambo la furaha anasubiri nisiwepo, anakupigia wewe! Mimi ni wa soksi. Wewe ni wa majani."

Merete aliketi kwenye ukingo wa beseni. Aliutazama ule mwanga wa taa ndani ya ndoo.

"Unajua ananiambia nini Jumapili, baada ya matumba?" akasema. "Tove kaja na hiki. Tove kasema kile. Tove kamtania Yrsa mpaka yule akadondosha vidonge. Nusu saa nzima. Mimi niko uani na simu, nasikiliza maisha ambayo simo. Sina mkate wa kumletea. Sina lolote la kumpa mtu huyu ila mti mmoja unaowahi, na unawahi kwa sababu uko mahali pabaya. Unajua majani yake yanakuwaje ikifika Julai? Yanaungua pembeni. Agosti yameanguka. Hilo sikumwambia."

Tove alizima taa.

Walirudi pamoja. Tove alisimama mbele ya kiti cha baba yake kama alivyosimama zamani baada ya kuvunja kioo cha banda la kuku, akasema yote: ndoo, mtambo, taa, reli.

"Najua," alisema Aksel. "Nilijua kwenye ulimi. Jani ambalo halijapigwa na upepo ni kama karatasi iliyolowa."

"Mbona ukaniachia niandike?"

"Nilitaka kuona kama utaandika. Ukaandika."

Lilikuwa neno dogo, na Tove alilibeba siku nyingi.

Mzee alitaka daftari, akataka na kalamu. Kwa mkono wake mwenyewe alipiga mstari mmoja juu ya tarehe tano Aprili, mstari mwembamba ambao kila mtu angeweza kusoma chini yake. Kisha akaligeuza daftari juu chini, akalifungua kwa nyuma. Huko kulikuwa na orodha nyingine, fupi, mistari mitatu tu: Merete, København. Akaongeza wa nne.

"Hili la mjini haliingii mbele," alisema. "Mbele ni msitu. Mwaka nilioanza kazi mti ulichipua tarehe tisa Mei. Mwaka wa sitini na tatu, baada ya ile baridi kali, tarehe kumi na tatu. Sasa tunasema Aprili kama kawaida. Ukichanganya miti utajuaje kilichotokea?"

"Basi kama si kitu, kwa nini unampigia?" aliuliza Tove, na alisikia mwenyewe jinsi sauti yake ilivyokuwa ya mtoto.

"Nani kasema si kitu?" Aksel alimtazama kwa macho yake yenye ukungu. "Mwanangu, nina miaka tisini na miwili. Msitu wako unataka nisubiri siku kumi zaidi. Zamani ningesubiri mwezi. Kila Februari najilaza najiuliza kama nitalitafuna jingine. Merete ananiletea siku kumi mkononi. Nizikatae kwa sababu zimetoka kwenye bomba la mikate?"

"Ungeniambia."

"Ungeumia."

"Nimeumia."

"Naona," alisema mzee, akampapasa mkono, na hakuomba radhi. Hakuwa mtu wa kuomba radhi.

Wivu haukuondoka siku ile. Tove alimsindikiza Merete kituoni, wakaagana vizuri, na aliporudi nyumbani alijikuta anahesabu ni mara ngapi baba alimtaja nani. Lakini ndoo aliimwaga. Na Jumapili iliyofuata saa tatu asubuhi, alipojua kuwa simu inaongea, alikaa jikoni kwake akanywa kahawa yake mpaka saa saba.

Msitu ulichipua tarehe ishirini na moja. Tove aliliona tawi mteremko wa kusini, zima, la kweli, na badala ya kulikata akapiga simu København. "Njoo kesho," akasema. "Tumpeleke Baba mwenyewe akalichume."

Merete alikuja na treni ya kwanza. Yrsa alimfunga mzee blanketi mbili na kofia ya masikio, wakampakia kwenye gari la kukodi hadi ukingoni mwa msitu, kisha wakamketisha kwenye kiti cha magurudumu. Njia ilikuwa na mizizi. Merete ndiye aliyesukuma, na alisukuma vibaya, kwa nguvu zote mahali palipotaka taratibu, na baada ya hatua ishirini gurudumu la mbele likazama tope.

"Unanipeleka msituni au unanizika?" alilalamika Aksel.

"Lete hapa," alisema Tove. Akaishika mipini, akainamisha kiti nyuma kidogo kama alivyofanya kila siku kwenye kizingiti cha bafu, gurudumu likatoka, na kiti kikaanza kwenda vizuri. Alifurahi. Alifurahi vibaya, mpaka akageuka kumtazama mdogo wake.

Merete alikuwa amebaki nyuma njiani, mikono imening'inia, matope hadi magotini. "Nilitaka kumsukuma mimi," alisema kwa sauti ndogo. Uso wake ulikuwa umefungana, midomo imebanwa, na Tove aliutambua uso ule mara moja, maana alikuwa ameuvaa mwaka mzima.

Alisimama. Mbele yao mteremko ulianza, na baba alikuwa ameshanyoosha mkono kuelekea tawi ambalo bado lilikuwa mbali.

"Njoo," alisema Tove, akamwachia mpini mmoja. Mmoja tu, ule mwingine aliushikilia barabara, na hivyo ndivyo walivyopanda, kiti kikienda mshazari, mzee akiwafokea wote wawili.